Kusimama Si Kupona

Kuna sindano inayompa mtaalamu wa mifugo sifa asizostahili. Ng'ombe amelala tangu alfajiri, masikio yameshuka, hacheui, na hata majani mabichi akiletewa mdomoni anageuza kichwa. Sindano inachomwa saa nne asubuhi. Ikifika alasiri amesimama, anacheua, anawafuata wenzake. Mwenye mji analipa kwa furaha, na kesho yake jirani anakuja kuulizia "ile sindano ya kumnyanyua". Hakuna anayeuliza ng'ombe alikuwa anaumwa nini.

Nazungumzia dawa za kutuliza maumivu, homa na uvimbe zisizo za jamii ya steroidi: fluniksini, meloksikamu, ketoprofeni, diklofenaki, fenilbutazoni, aspirini na ndugu zao. Nyingi kati yake ni dawa nzuri. Nazitumia, na siwezi kufikiria kazi hii bila hizo. Lakini kwa ninavyoona mambo yalivyo katika wilaya kama Misungwi, mkoani Mwanza, yenye ng'ombe wengi na wataalamu wachache, tunazitumia kinyume. Tunazichoma kwa wingi pale tusipojua mnyama anaumwa nini, na tunamnyima pale ambapo maumivu tumeyaleta sisi wenyewe kwa kisu na koleo.

Chukua ndigana kali, ugonjwa ambao ni nadra kumpata mfugaji wa kanda hii ambaye haujamlia ndama. Kupe wa masikio anaingiza kijidudu Theileria parva, tezi ya chini ya sikio inavimba, halijoto inapanda hadi nyuzi 41 badala ya 38.5 za kawaida, na baada ya siku kadhaa mapafu yanajaa maji. Mchome fluniksini siku ya kwanza ya homa: halijoto itashuka na atakula. Kijidudu chenyewe hakijaguswa. Kinaendelea kuzaana ndani ya chembe nyeupe za damu huku nyumba nzima ikiamini hatari imepita. Homa inaporudi inakuja na kuhema kwa nguvu na povu puani, na buparvakwoni, dawa ambayo ingemwokoa mapema, inamkuta mapafu yamekwisha kuloa. Mwenye ng'ombe hatazikumbuka siku zilizopotea. Atasema tu kwamba dawa ya ndigana siku hizi haifanyi kazi.

Kipimajoto kingetosha kutushtua, pamoja na vidole vya kupapasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega. Anayetaka uhakika achote majimaji ya tezi kwa sindano, ayapake kwenye kioo na kuyapeleka maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ana kituo Mwanza, na kutoka Misungwi mjini si safari ya kulala njiani. Chini ya darubini mtaalamu atatafuta vijimwili vinavyoitwa miili ya Koch. Robert Koch mwenyewe aliviona mwishoni mwa karne ya 19, wakati wa Wajerumani, alipokuwa akichunguza ng'ombe Dar es Salaam, na akadhani ni vya ugonjwa mwingine wa kupe. Ikiwa Koch alichanganyikiwa akiwa na darubini mezani, sisi tunaokisia kwa macho tukiwa mlangoni pa zizi tuone haya kidogo.

Ili kuelewa kwa nini dawa inayomnyanyua ng'ombe inaweza pia kumlaza, lazima tushuke hadi kwenye kemia, japo kwa ufupi. Mwaka 1971, mjini London, John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1982, yeye na wenzake wawili. Prostaglandini ndizo zinazoleta maumivu, homa na uvimbe mahali palipoumia. Zikizuiwa, mnyama anapata nafuu. Tatizo ni kwamba prostaglandini hizohizo zinafanya kazi nyingine mbili za kila siku ambazo hazina uhusiano wowote na ugonjwa. Zinalinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na zinaiachia figo damu ya kutosha mwili unapopungukiwa maji. Dawa haiji na macho. Inazima zote, ingawa zipo, kama meloksikamu, zinazogusa zaidi upande wa uvimbe kuliko upande wa ulinzi.

Hiyo kazi ya pili, ya figo, ndiyo inayopaswa kumsumbua mtu wa Misungwi kuliko mtu wa Uholanzi. Figo ya ng'ombe aliyekunywa vizuri haihitaji sana msaada wa prostaglandini. Anayeishi kijiji cha ndani, mbali na ziwa, ambaye mwezi wa Septemba na Oktoba anatembea kutwa kufuata lambo lililobaki tope, figo yake inaishi kwa msaada huo. Ndivyo ilivyo pia kwa ndama anayeharisha na kwa ng'ombe mwenye homa ya siku tatu ambaye hajanywa. Ukimchoma huyo dawa ya maumivu kabla ya kumrudishia maji, mishipa ya kuingiza damu kwenye figo inajibana, na sehemu ya figo inakufa. Kifo cha mnyama hakitakuja siku hiyo. Kitakuja baada ya siku kadhaa, ng'ombe akiwa amekonda na mkojo umepungua, na sindano itakuwa imekwisha kusahaulika.

Jaribio la maji halihitaji kifaa. Bana ngozi ya shingo, iachie. Ikirudi mara moja, sawa. Ikibaki imesimama kwa sekunde mbili tatu, macho yameingia ndani na ufizi umekauka, hapo hata kama mwenye mji anakusukuma, maji kwanza. Chumvi na sukari kwenye maji safi, kwa mdomo au kwa mrija, na kama hali ni mbaya, dripu. Sindano itasubiri.

Sasa ongeza dawa nyingine juu yake. Ng'ombe wa ndigana kali ambaye mapafu yameanza kujaa hupewa furosemidi ili akojoe yale maji. Furosemidi inategemea prostaglandini za figo kufanya kazi yake sawasawa. Ukimpa fluniksini pamoja nayo, umempa dawa ya kukojoa na papo hapo umeifunga mikono. Na oksitetrasaiklini, ile ya njano ambayo iko karibu kila begi, nayo inaweza kuumiza figo ikizidishwa kwa mnyama mkavu; jentamaisini ndiyo kabisa. Kila moja peke yake ina sababu zake. Zikikutana kwenye figo moja yenye kiu, hesabu inabadilika.

Mazungumzo ya aina hii ni ya kawaida mno katika kazi yetu:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari. Huyu dume tangu juzi hali chakula."

"Amechomwa nini mpaka sasa?"

"Alichomwa na kijana wa dukani. Dawa tatu kwenye bomba moja."

"Dawa gani hizo, mzee?"

"Moja nyeupe, moja ya njano, moja kama maji."

Nyeupe pengine ni penisilini. Ya njano ni oksitetrasaiklini. Hizo mbili kwa pamoja zina hoja ya kujibiwa, maana moja inahitaji bakteria wanaokua na nyingine inawazuia kukua, lakini hilo tuliache leo. Ile kama maji ndiyo inayonifunga mikono. Fluniksini ni kama maji. Diklofenaki ni kama maji. Deksamethasoni nayo ni kama maji, na ni rahisi kuipata, na watu wanaipenda kwa sababu ileile: mnyama anachangamka haraka. Deksamethasoni ni steroidi. Ikikutana na dawa ya maumivu ndani ya mnyama mmoja, ulinzi wa tumbo unavunjwa kwa njia mbili kwa mpigo, na vidonda vinavyotoboka huja kwa kasi ambayo dawa moja peke yake isingeifikia. Kwa ng'ombe kidonda hutokea kwenye tumbo la nne. Utakiona kwa kinyesi cheusi kinachonata, ufizi uliopauka, na meno yanayosagwa kwa maumivu. Juu ya hayo, deksamethasoni kwa ng'ombe mwenye mimba kubwa inaweza kuitoa.

Kwa hiyo mbele ya dume wa mzee huyu mikono yangu imefungwa. Siwezi kumchoma dawa ya maumivu hata kama anaihitaji kweli, kwa sababu sijui kama anayo tayari mwilini, na sijui kama iliyomo ni steroidi. Jibu la busara ni kumpa maji, kupima, na kusubiri siku kadhaa. Jaribu kumweleza hivyo mtu ambaye jirani yake alinyanyuliwa ng'ombe kwa nusu siku! Kipande cha karatasi chenye jina la dawa, kiasi na tarehe kingemaliza shida yote, lakini karatasi ndiyo kitu adimu kuliko vyote katika biashara hii.

Kisha kuna uzito. Watu wengi hukadiria kwa jicho, na jicho la Msukuma kwa ng'ombe wake ni jicho la mapenzi: linaongeza. Futi ya fundi nguo inatosha. Zungusha kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840, vipimo vyote vikiwa sentimita. Dume wa kienyeji mwenye kifua cha sentimita 150 na urefu wa 130 anapata kilo 270 hivi. Fluniksini ya miligramu 50 kwa mililita, kwa dozi ya miligramu 2.2 kwa kilo, ni mililita 12 kasoro kidogo. Aliyemkadiria dume huyohuyo kuwa kilo 400 atavuta karibu 18. Hiyo ni nusu dozi ya ziada, juu ya figo ambayo hatujaiuliza habari zake.

Na fluniksini ya ng'ombe imeandikwa kuingizwa kwenye mshipa, taratibu. Tunaichoma kwenye msuli kwa sababu mshipa unahitaji kamba, msaidizi na subira. Msuli unaumia, na mabaki ya dawa hukaa pale muda mrefu kuliko siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ya chupa, kwa sababu siku hizo zilihesabiwa kwa mshipa. Asiyeweza mshipa achague meloksikamu, ambayo kwa ng'ombe inaruhusiwa chini ya ngozi, miligramu 0.5 kwa kilo, mara moja tu. Kwa dume wetu na chupa ya miligramu 20 kwa mililita, hiyo ni chini kidogo ya mililita 7. Athari yake inadumu zaidi ya siku moja. Anayerudi kesho kumchoma tena anamuuzia mwenye ng'ombe kitu ambacho tayari anacho.

Wanyama hawafanani, na hapa ndipo mazoea ya binadamu yanapoua. Aspirini ikiingizwa kwenye mshipa, damu ya mbuzi hupunguza nusu yake chini ya saa moja. Mbwa huchukua saa 8 na zaidi. Paka huchukua karibu saa 38. Dozi moja ya kila siku kwa paka ni sawa na kumlundikia dozi juu ya dozi. Punda naye, ambaye tunampima kwa vipimo vya farasi kwa sababu tu wanafanana sura, anaondoa fenilbutazoni na meloksikamu haraka kuliko farasi, kwa hiyo punda wa mkokoteni anayepewa dozi ya farasi anabaki na maumivu yake huku mwenyewe akidhani amesaidiwa.

Paka na panadol ni habari ya kusikitisha zaidi. Parasetamoli kwa kweli si ya ukoo huu hasa, lakini ndiyo iliyopo kwenye kila nyumba, na mtu mwenye huruma akimwona paka anachechemea anamvunjia nusu kidonge. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuifunga dawa hiyo ili itoke. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 inatosha kumuua paka wa kilo 3 na nusu. Damu yake inageuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni, ufizi unakuwa wa samawati au hudhurungi, uso na nyayo vinavimba. Ikitokea, mkimbize kwa daktari saa hiyohiyo; dawa ya kupinga sumu hiyo ipo, ni ileile asetilisisteini inayotumika hospitali kwa watu.

Kwa mbwa hatari ni ibuprofeni na diklofenaki za dukani, na pia chupa ya ng'ombe. Meloksikamu ya mbwa huwa na miligramu 5 kwa mililita, ya ng'ombe 20. Mbwa mlinzi wa kilo 12 anahitaji miligramu 2.4 siku ya kwanza, yaani kama sehemu moja ya nane ya mililita ya chupa ya ng'ombe, kiasi ambacho bomba la kawaida haliwezi hata kukipima. Anayemchoma "mililita moja tu" amempa zaidi ya mara nane.

Sasa maziwa na nyama. Kwa lebo za Marekani, fluniksini iliyoingizwa kwenye mshipa inadai maziwa yamwagwe kwa saa 36 na nyama isubiri siku 4. Meloksikamu kwa lebo za Ulaya ni siku 5 kwa maziwa, 15 kwa nyama. Lebo ya chupa iliyo mkononi mwako ndiyo sheria yako, si kumbukumbu yako wala yangu. Fenilbutazoni iko peke yake katika ubaya: kwa ng'ombe inachukua karibu siku mbili kupungua nusu tu, na kwa binadamu imejulikana kuharibu uboho hadi mwili ushindwe kutengeneza damu. Marekani iliipiga marufuku mwaka 2003 kwa ng'ombe wa maziwa wenye umri wa miezi 20 au zaidi. Sioni sababu yoyote ya kumchoma ng'ombe yeyote wa kuliwa dawa hiyo.

Lakini tuseme kweli kuhusu namna mambo yanavyokwenda. Ng'ombe anaumwa Jumatatu. Anachomwa Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi mwenye mji anaona hasara inakaribia na anampigia mtu wa bucha. Siku 15 zinaanguka hapo. Simlaumu mfugaji peke yake; ng'ombe ndiye benki, ndiye ada ya shule, ndiye mahari. Kinachoniudhi ni mtaalamu anayemaliza sindano, anapokea hela, na hasemi neno moja kuhusu nyama. Hilo neno ni sehemu ya dozi. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003 ilianzisha Baraza la Veterinari ili mtu anayeshika bomba awe anajulikana na awajibike. Na wilaya hii haiwezi kulalamika kwamba elimu iko mbali: Mabuki, ndani ya Misungwi yenyewe, ipo kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, inayotoa wataalamu mwaka hadi mwaka.

Yupo pia mlaji mwingine: ndege anayekula mzoga, ambaye halipi hela wala hasomi lebo. Nalo hili ni la Misungwi kuliko linavyoonekana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tumbusi wa India, Pakistan na Nepal walianza kufa. Walidhaniwa wana virusi. Ndipo Lindsay Oaks na wenzake, wakifanya kazi Pakistan, walipochapisha matokeo yao mwaka 2004: tumbusi walikuwa wakila mizoga ya ng'ombe waliochomwa diklofenaki muda mfupi kabla ya kufa. Figo za ndege zilishindwa, na asidi ya yuriki ikaganda nyeupe juu ya ini, moyo na figo. Spishi moja, tumbusi mgongo-mweupe wa Asia, ilipungua India kwa asilimia 99.9 kati ya 1992 na 2007. Cha kutisha zaidi ni hesabu iliyofuata: ilitosha mzoga mmoja tu katika kila 100, au hata pungufu, uwe na dawa hiyo ili jamii nzima ya ndege iporomoke kwa kasi ile. Mizoga iliyoachwa ikaliwa na mbwa, mbwa wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikapata mlango.

India, Pakistan na Nepal zilizuia diklofenaki ya mifugo mwaka 2006. Watu wakahamia kwenye chupa kubwa za diklofenaki ya binadamu. Mwaka 2015 India ikaamuru diklofenaki ya sindano ya binadamu iuzwe kwa kichupa cha dozi moja tu, kisichozidi mililita 3. Fikiria hesabu: kichupa hicho kina miligramu 75, na dume wetu wa kilo 270, kwa dozi ya miligramu 2.5 kwa kilo, angehitaji vichupa 9. Kuvunja vichupa 9 vya kioo ili kumchoma ng'ombe mmoja kunachosha, na kuchosha huko ndiyo ilikuwa shabaha ya sheria. Naipenda sheria ya namna hiyo, isiyotegemea mtu kuwa mwema.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2007 diklofenaki ya mifugo iligunduliwa ikiuzwa Tanzania, na shirika la BirdLife likaripoti kwamba kiwanda kimoja cha Brazil kilikuwa kikiipigia debe na kuipeleka katika nchi 15 za Afrika. Tumbusi wetu mgongo-mweupe, Gyps africanus, amejaribiwa Afrika Kusini na kuonekana kufa kwa diklofenaki kama binamu zake wa Asia. Tangu 2015 ameorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Anataga Serengeti, ambayo lango lake la magharibi, Ndabaka, liko kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Ndege huyu anaweza kuruka zaidi ya kilomita 100 kwa siku akitafuta mzoga. Hasimami kwenye mpaka wa hifadhi kuomba kibali.

Sitaki kutia chumvi. Kinachowaua tumbusi wa Afrika Mashariki kwa wingi ni sumu za kuulia wadudu zinazowekwa kwenye mizoga kulipiza kisasi kwa simba na fisi, na kwetu mzoga wa ng'ombe mara nyingi unaliwa na watu kabla ndege hajaufikia. Diklofenaki haijathibitishwa kuwa muuaji wao hapa. Lakini spishi iliyokwisha kufika ukingoni haihitaji msukumo mkubwa, na India ilichukua zaidi ya miaka 10 kujua nini kilichokuwa kikiwaua. Ketoprofeni nayo imeonekana kuwaua. Bangladesh iliizuia mwaka 2021, India ikafuata mwaka 2023 pamoja na aseklofenaki, ambayo mwilini mwa ng'ombe hugeuka kuwa diklofenaki. Fluniksini imehusishwa na vifo vya ndege pia. Meloksikamu ilijaribiwa kwa tumbusi na haikuwadhuru.

Mpaka hapa nimezuia zaidi kuliko nilivyoruhusu, na sitaki msomaji aondoke akidhani kutochoma ndiyo busara. Tazama siku ya kuhasi. Ndama dume wanaangushwa, koleo linabana kamba za korodani, na wanaachwa waende wakichechemea. Hakuna anayefikiria sindano ya maumivu siku hiyo, kwa sababu hakuna ugonjwa. Ilhali hapa ndipo mahali pake hasa: mnyama mzima, amekunywa, chanzo cha maumivu kinajulikana kwa dakika. Meloksikamu ikichomwa kabla ya koleo, ganzi ikiwekwa pia ikiwezekana, ndama anarudi kula mapema na hakondi sana. Vivyo hivyo kwa kukata pembe. Vivyo hivyo kwa ugonjwa wa kiwele, pamoja na antibayotiki yake, ambapo uvimbe wenyewe unaharibu titi.

Kwa kuzaa kwa shida, tahadhari moja: fluniksini saa chache kabla ya kuzaa au mara tu baada yake imehusishwa na ndama waliozaliwa wafu na kondo kubaki tumboni. Subiri kondo litoke.

Na maksai wa kulimia? Mvua za kwanza zinamkuta amekonda kutoka kiangazi, anafungwa nira, goti linavimba. Sindano itamfanya avute plau kesho. Goti litazidi kuharibika, kwa sababu maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimzuia asilikanyage. Kama hutampumzisha, usimchome. Najua msimu hausubiri, najua jirani amekwisha maliza ekari zake. Azima maksai, kodi trekta, lakini usimlipe daktari ili akusaidie kumvunja mnyama wako.

Wenye maduka ya dawa za mifugo Misungwi, Usagara na Mabuki nawaomba jambo dogo: andikeni kwenye karatasi jina la kila dawa mliyouza, tarehe, na siku za kusubiri maziwa na nyama, na msiuze deksamethasoni na dawa ya maumivu kwa ng'ombe mmoja siku moja. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, naiomba jambo kubwa zaidi: diklofenaki, aseklofenaki na ketoprofeni zisiwe na nafasi kwenye orodha ya dawa za mifugo nchini, na popote zilipo rafuni ziondolewe. Mfugaji hatapoteza kitu. Meloksikamu ipo, inamtuliza ng'ombe kwa sindano moja, na tumbusi akila mzoga wake haimdhuru.